Fundi Aliyeuliza Uzito

Athman, mwanangu,

Salamu zote nilizo nazo nakupa hapa juu, mara moja, ili nisizirudie huko mbele, maana barua hii itakuwa ndefu na mkono wangu umechoka. Alasiri imekwisha kuswaliwa. Wewe umetoka kwenda kuaga majirani, na kwa ninavyowajua watu wa Mkokoni, kila nyumba itakukalisha na kukutilia kahawa, kwa hiyo nina muda. Babako amejinyoosha kitandani, mguu wake juu ya mto, amepitiwa na usingizi. Pikipiki yako imeegemezwa ukuta wa jikoni, umeiosha, mizigo umeifunga nusu. Nimekaa mkekani naitazama, na sina hamu ya kuitazama.

Sitakuandikia habari za kuswali, wala za kula, wala za sweta na baridi ya Marsabit. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuniitikia kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia jambo moja tu, la karakana. Utacheka. Mwanamke wa Amu, aliyekulia kwenye kushona kofia, anamwandikia mwanawe habari za shokamzoba za pikipiki. Cheka, baba, lakini soma mpaka mwisho.

Kesho utavuka Mokowe, na kesho kutwa Mungu akipenda utakuwa Mombasa. Kabla ya kuendelea mbele, ile pikipiki lazima ishikwe na fundi upande wa chini. Watu wa kazi huko Marsabit wamekuambia utabeba sanduku la dawa nyuma kutwa nzima kwenye barabara za mawe, na ile miguu ya mbele, foku mnavyoiita, imeanza kuvuja mafuta. Mimi nimekwisha kumpigia simu Shee, fundi wetu aliyeko Mombasa. Nimemwambia utaipeleka kwake, naye amefurahi, amesema ataimaliza siku hiyo hiyo. Ulinisikia nikizungumza naye. Ukasema, vyema mama, ukaenda zako. Nimeshika kalamu kukuambia usiipeleke kwake.

Neno nililompa mtu nalirudisha. Sijawahi kufanya hivyo tangu nijijue.

Wewe ulizaliwa huku bara ya Mkokoni, hukuijua nyumba yetu ya Amu ilipokuwa na watu. Kwetu kila nyumba ilikuwa na fundi wake. Hatukumchagua, tulimrithi pamoja na kuta. Babu yake Shee ndiye aliyetupandishia boriti za dari, babake akija kila mwaka kabla ya Ramadhani kupaka chokaa, na Shee mwenyewe akifuatana naye akiwa mdogo, akilala usingizi wa mchana chini ya kitanda cha mama yangu. Fundi wa nyumba hakuulizwa bei mlangoni, naye hakuuliza swali. Alipanda juu, akagonga ukuta kwa kidole, akajua. Kuleta fundi mwingine ilikuwa ni kumtangazia mtu mjini kwamba wazee wake hawakujua kazi. Na fundi wa kuuliza maswali tulimcheka, tukasema huyu anataka tumfundishe kisha tumlipe. Ndivyo nilivyolelewa, na kwa kuwa dari haikutuangukia hata siku moja, sikuona kosa lolote.

Shee alipokua hakushika mwiko, alishika spana. Alianza na injini za boti, akaja kwenye majenereta, kisha pikipiki zilipozidi akafungua banda lake pale Mokowe. Kwangu mimi hakuna kilichobadilika. Alikuwa fundi wa nyumba yetu, na pikipiki ikiwa ya nyumba yetu basi ni yake kuitengeneza. Ukiniuliza leo injini ya boti na foku za pikipiki zina udugu gani, nitakujibu hazina. Wakati ule swali lenyewe halikunijia.

Unakumbuka ilivyokuja. Babako aliinunua kwa watu wa mradi mmoja waliokuwa wanafunga ofisi, pikipiki ndefu ya porini, magurudumu yenye meno, kiti juu hata mimi nikakataa kuipanda. Aliyekuwa akiiendesha huko kwao alikuwa kijana mwembamba. Babako, Mungu amzidishie afya, hakuwa mwembamba hata alipokuwa bwana arusi. Nyuma yake akafunga boksi la barafu na samaki, na juu ya hayo mara nyingine wewe. Kila mkiingia mashimo ya njia ya Kiunga pikipiki ilishuka mpaka chuma kikagonga chuma, na babako akirudi analalamikia mgongo. Ndipo tukaipakia kwenye boti, sisi watatu, tukaenda nayo Mokowe.

Siku ile Shee alikuwa amefunga banda, ameenda Amu mazishini, na tuliambiwa huenda akarudi alasiri. Mwenye boti akatuonyesha karakana ya Musyoka, yule Mkamba, nyuma ya maduka. Nilikwenda kwa shingo upande. Nilitazama huku na huku kwanza kuona kama kuna mtu wa kwao Shee anayetuona.

Musyoka hakugusa spana. Hilo ndilo lililoniudhi mwanzo. Aliizunguka pikipiki, akaikalia, akaibonyeza mbele, akaibonyeza nyuma, kisha akatukalisha kwenye benchi akaanza maswali. Njia yenu ni ya mchanga au ya mawe? Mnaenda mbio au polepole? Mnabeba nini, na mmekifunga wapi? Nani anaendesha zaidi? Wewe ulimjibu vizuri, tena kwa furaha, kana kwamba umepata mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa nayahesabu maswali yake, na kila swali nilimshusha daraja. Halafu akamgeukia babako.

“Mzee, uko na kilo ngapi?”

Babako akasema hajui. Musyoka akasema hiyo si shida, pale gatini kuna mizani ya kupimia magunia ya samaki, twende mara moja, apande pamoja na boksi lake ajulikane kamili.

Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Niliwaona mawazoni watu wa gatini, nusu yao wamekua na babako, wakimtazama anapandishwa mahali panapowekwa papa na ng'onda. Na kwetu mtu hatajwi uzito wake mbele za watu. Mtoto mchanga akisifiwa unene tunaharakisha mashallah, tunaogopa kijicho, seuze mtu mzima mwenye jina lake. Babako alisimama, akakung'uta kikoi, akasema, “Mimi si papa.” Akatoka. Nilimfuata nimejikaza buibui kwa hasira, na njia nzima nilimwambia kwamba huyu mtu wa bara hajui kazi, kwamba fundi anayejua haulizi. Wewe ulibaki nyuma kidogo ukimtaka radhi. Hata hilo nililiona, nikakukasirikia.

Shee alirudi alasiri, akatupokea kwa kahawa. Hakutuuliza neno, ila hali zetu na za wagonjwa wetu. “Hini kazi ndogo, Bi Zena,” aliniambia. Akaikaza springi ya nyuma mpaka ikagoma, akamwaga mafuta ya foku akatia mengine mazito zaidi, akainuka akakipiga kiti kofi. Ilimchukua muda wa mtu kunywa vikombe viwili. Babako akaikalia, haikushuka hata kidogo, sote tukasema mashallah. Nilirudi nyumbani roho yangu nyeupe, nimeona tumeheshimiwa.

Wiki moja baadaye ulinijia jikoni. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Ukaniambia pikipiki sasa inarusha, ukipita juu ya jiwe gurudumu la nyuma linapiga teke kama punda, na mbele imekaza, haifuati njia. Ukasema ungependa irudishwe kwa Shee, na Shee asipoelewa basi ipelekwe kwa yule Mkamba, na mizani utapanda wewe, na uzito wa babako utaukisia mwenyewe bila kumtia aibuni. Uliyasema yote kwa adabu, huku unaniokotea vifuu.

Nitayaandika niliyokujibu kama yalivyonitoka.

“Usimharibie Shee yina lake. Enda pole pole.”

Hukubishana nami, maana hatukukulea hivyo, na mara nyingi tangu siku ile nimetamani tungekulea na ubishi kidogo.

Siku ya nne baada ya hapo ulikuwa wewe mbele na babako nyuma. Sina haja ya kukusimulia, unaijua kuliko mimi. Mlikuwa mnarudi, pale penye matumbawe yaliyotokeza ngazi ngazi baada ya mikoko kwisha. Gurudumu la nyuma likarusha, babako akapita juu ya bega lako, na goti lake likapokea jiwe. Ulimbeba mgongoni mpaka ukapata watu. Alilala hospitali Amu, kisha Mombasa, na aliporudi alirudi na fimbo.

Watu walisema kama wanavyosema. Jirani mmoja alisimama mlangoni petu akakutolea ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza kwamba wewe hata guu lenyewe umevunja la mwenzako. Nilikuwepo, nimeshika birika. Asiyesikia alikuwa mkuu, Athman, na mkuu alikuwa mimi, nami niliendelea kumimina chai.

Babako alisema ni kadari. Ni kadari, sikatai, hakuna linalotokea bila ya idhini ya Mola. Lakini mimi nilijificha nyuma ya neno hilo. Kila ulipoanza kusema kosa ni lako nilikukatiza kwa kadari, ukadhani nakusamehe. Nilikuwa najisamehe mimi, kwa jambo ambalo hata sikuwa nimelisema.

Liko pia jambo ambalo hulijui kabisa. Miezi sita baada ya ajali niliipakia pikipiki kwenye boti nikakuambia naenda kuiuza. Shee alikuwa amekwisha kuhamia Mombasa. Nilikwenda kwa Musyoka kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwendea. Alinitambua, na hakunikumbusha lolote. Nilimwambia imemwangusha mtu, akasema basi kabla ya kuzungumza bei lazima aifungue. Akamimina mafuta ya foku ndani ya kopo, akachovya kidole, akaniita nikayaone. Yalikuwa mafuta ya injini, mazito, si ya foku hata kidogo. Akanionyesha springi ya nyuma ilivyobanwa mpaka mwisho, haina pa kushukia, na ile skrubu ndogo inayoizuia isirudi juu kwa kishindo haikuguswa na mtu. Springi iliyobanwa hivyo, aliniambia, ikigongwa inakurudishia yote uliyoipa.

Kisha akaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikamwambia ni mwanangu.

“Mama, hata mimi ningeanguka,” akasema.

Nilikaa kwenye lile benchi lake mpaka adhana ya Adhuhuri. Alininunulia chai. Sikulia, kwa kuwa nilikuwa mbele ya mtu. Halafu nikamwambia haiuzwi tena, aitengeneze. Akayarudia maswali yake yote, moja baada ya jingine, na safari hii niliyajibu. Uzito wako sikuujua, nikakukisia kwa magunia ya mchele. Akasema kukisia hakutoshi, atatia springi inayokaribia uzito huo, na wewe mwenyewe ukija atamalizia kwa kupima. Hukwenda, maana sikukuambia.

Nilirudi nayo, nikasema mnunuzi hakutokea. Ulikaa wiki nyingi huigusi. Siku uliyoipanda ulirudi mapema, ukaiegemeza ukutani, ukakaa kwenye kizingiti. “Mama, imetulia,” ukaniambia. “Kumbe ilikuwa mikono yangu tu.”

Nilikusikia vizuri sana. Nikakuuliza kama umekula.

Miaka mitatu sasa. Kila jioni unamkanda babako goti kwa mafuta ya simsim, unamkanda hata siku anazosema leo haliumi. Hujampakia mtu nyuma yako tangu wakati ule. Barua ya kazi ilipokuja ulitaka kuikataa, ukasema wampe kijana anayejua kuendesha. Uliposema vile nilitoka uani nikajifanya naanua nguo, na nguo zilikuwa bado mbichi. Naogopa, mwanangu. Njia ya huko ni ndefu na ya mawe, na dereva anayeamini kuwa mikono yake ni mibovu hataisadiki hata siku itakapomwambia kweli. Pikipiki ikianza kurusha tena utajilaumu wewe, utapunguza mwendo, utanyamaza, na utaendelea kuipanda. Ndivyo nilivyokufundisha mimi.

Kwa hiyo soma hapa mara mbili. Si wewe uliyemwangusha babako. Uliliona kosa kabla ya fundi kuliona, ukalisema mapema, ukamwambia mtu uliyemwamini. Mtu huyo alichunga jina la fundi akaacha kuwachunga ninyi.

Utasema, mama, ikiwa ulijua yote hayo, mbona wiki iliyopita ulimpigia Shee tena? Ni kuona haya, wala si jingine. Mama yake alinipigia kwanza. Wamesikia unapita Mombasa, akasema, na hawatarajii kusikia umekwenda kwa fundi mwingine na mtoto wa nyumba yuko. Nikasema bila shaka. Lilinitoka kabla sijafikiri, na baada ya hapo ikabidi nimpigie Shee mwenyewe kuthibitisha. Mji wa Amu nimeuhama miaka ishirini na tano, mdomo wangu haujahama.

Shee si mtu mbaya. Hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hajui. Tangu anashika spana ya kwanza sisi tulimpigia mashallah, na tulipoumia tukamficha. Huenda wako wengine waliotoka kwake na springi zilizogoma, na hao nao wako shingoni mwangu. Nitampigia mimi, nimweleze mimi, wewe usilibebe hilo. Halua iliyofungwa kwenye mfuko mwekundu ni yake. Mpe halua, kaa naye, msalimie mama yake. Pikipiki usimpe.

Musyoka angekuwepo ningekuambia nenda kwake tu, yaishe. Amerudi kwao Ukambani, wanasema macho yamemchoka. Basi utachagua mwenyewe, katika mji wenye karakana kila pembe, na mimi sijui hata moja ya kukutajia. Najua niliyoyaona kwenye lile benchi. Alipomaliza kazi aliniandikia vipimo vyote kwenye karatasi, mafuta gani na kiasi gani, skrubu imezungushwa mara ngapi, akasema hata nikiipeleka kwa mwingine huyo asianze gizani. Vyuma vya zamani alinirudishia kwenye mfuko. Na kuna mahali ndani ya shokamzoba ya nyuma panapojazwa gesi; akaniambia wazi kwamba mashine ya kazi hiyo hana, hatajaribu, siku moja nitafute mwenye nayo. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia fundi akisema hawezi. Ile karatasi yake nimeitia ndani ya bahasha hii. Nayo nilikuficha.

Ukifika karakanani kaa kimya kidogo, utazame ataanza na spana au ataanza na wewe. Akikuuliza uzito mtajie, na uongeze sanduku, na buti, na maji utakayobeba, usione haya kama wazee wako. Atakapochukua futi apime pikipiki inashuka kiasi gani umekaa juu, kwanza bila mzigo, halafu na mzigo, vumilia hata kama watu wanakodoa macho. Lakini akikuambia iache hapo urudi jioni, na bado hajakuuliza unakwenda wapi, ichukue utoke. Toka hata kama ni jirani. Toka hata kama mnaswali safu moja. Mtu anaweza kuwa mwema, ukamwoza binti yako, na bado asifae kushika foku zako. Na ikishatengenezwa ipeleke kwanza mahali pabovu, kisha urudi umwambie ulivyoisikia. Atakayekununia kwa kurudi, huyo ni ndugu yangu mimi wa kuchunga jina, si fundi.

Naona nimeanza kuhubiri na niliapa sitahubiri. Nimechoka, Athman. Nimechoka na kukutazama ukikanda lile goti, nimechoka na kutoka uani kila ikitajwa ajali, nimechoka na kuwa mama anayesifiwa kwa subira. Waliokuja kunipa pole walinisifu kuwa sikumlaumu mwanangu hata kwa neno moja. Hilo nalo nililipokea.

Nilipofika hapa babako aliamka. Aliniona nikijipangusa macho kwa mtandio, akauliza naandika nini kirefu namna hii, kama ni wosia nimsomee, asije akakosa fungu lake. Nikamsomea. Yote, tangu mwanzo, na pale pa papa hakucheka. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilimficha yeye pia. Hakuuliza. Alilishika goti lake kwa mikono miwili.

“Miaka mitatu mtoto huyu hunikanda,” akasema.

Nikamwambia najua. Nikamwambia nitaitia barua kwenye begi lako, utaisoma ukifika Mombasa, na huko huko utatulia. Akatikisa kichwa.

“Yambo hili si la karatasi, Bi Zena. Utamwata alisome peke yake ndiani, na pikipiki mbele yake? Mwite.”

Nimemwambia siwezi. Nimemwambia kuandika ndiko nilikoweza, na hata huko nimefika kwa kutambaa. Amesema atakaa karibu yangu. Ameushusha mguu kwenye mto, amejikokota mpaka hapa mkekani, na unajua kukaa chini kunavyomwumiza. Sasa yuko ubavuni pangu, anapumua kwa nguvu, ameniwekea mkono begani, anangoja niweke kalamu.

Basi barua utapewa, kwa ajili ya habari za karakana. Yaliyobaki utakuwa umekwisha kuyasikia kwangu, kwa mdomo huu huu uliokuambia uende polepole. Naisikia sauti yako uani, unaagana na wa mwisho. Nimekuita. Umeitika, “Naam, mama.” Nasikia unavua viatu mlangoni.